Ukurasa Niliouandika kwenye Daftari la Wageni

Ilula, Iringa

Mama yangu,

Kabla sijakuamkia nina jambo la kukiri. Nikianza na shikamoo utaniitikia marahaba kwa moyo mweupe, na mimi sistahili marahaba hiyo mpaka uwe umejua. Ni mimi, Mama. Wifi yako yuko mahabusu kwa sababu yangu. Hakuna aliyepiga simu, wala si wivu wa biashara kama Baba alivyoambiwa. Ni mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ule ule uliokuwa unapenda kuwaonyesha wageni. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Shangazi mwenyewe hajui.

Sasa shikamoo, Mama. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Uyole? Viazi mmeshapalilia? Nauliza huku naona aibu, maana najua mnalala na mawazo ya Shangazi, na anayeuliza ndiye aliyewaletea mawazo hayo. Mimi mwili hauna shida. Kichwani ndiko kunakowaka. Nina hasira, Mama, hasira ambayo sikujua kama mtu mkimya anaweza kuwa nayo. Nikichambua nyanya nazibonyeza mpaka zinapasuka.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Baba, na Baba akipokea huweka sauti ya juu ili hata ng'ombe wasikie. Atakayekuletea ni mama wa kwaya anayekuja huko kwenye mkutano wa akina mama. Hajui kilichomo. Nimeigundisha kwa ugali pande zote. Ukikuta imebanduka, ujue imesomwa.

Nianze mwanzo. Unakumbuka nilikuja huku kumsaidia Shangazi wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Wiki ya pili tu, ukaitishwa mkutano wa kitongoji. Walikuja maofisa wawili wenye sare na mmoja asiye na sare, na yule asiye na sare ndiye aliyeongea muda wote. Alisema usalama wa nchi hauanzii mpakani, unaanzia mlangoni kwako. Alisema barabara yetu hii inayokwenda Mbeya mpaka nchi za kusini inapitisha watu wasiojulikana, kwa hiyo kila mgeni anayelala kwenye nyumba aandikwe kwenye daftari la Mwenyekiti ndani ya siku moja. Halafu akanyanyua kidole: "Anayeficha mgeni, huyo ndiye adui wa kwanza. Tumeelewana?"

Tukaitika tumeelewana. Mimi nililishika neno hilo kama lilivyo, Mama. Anayeficha.

Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye mtoto wa jicho na mkono unaotetemeka. Alipolalamika kwamba hawezi kuandika majina ya wageni wote wa kitongoji, Shangazi akasimama katikati ya watu. "Mwenyekiti, si huyu hapa mtoto wa kaka yangu? Mwandiko wake kama umepigwa mashine. Kuongea ndiyo hajui."

Watu wakacheka, na mimi nikainamisha kichwa, lakini ndani nilifurahi kuliko siku yoyote darasani. Kila siku baada ya kutoka barabarani kuuza nyanya nilikwenda kwa Mwenyekiti. Yeye anakaa kwenye benchi na redio yake, anataja wageni alioambiwa, mimi napanga kwenye safu. Jina. Anakotoka. Anakokwenda. Sababu ya safari. Mwenyeji. Niliona ninalitumikia taifa. Nilikuwa wa kwanza kwenye somo la uraia, Mama, unajua. Niliyaamini yote yaliyomo kwenye kile kitabu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu ambao huoni mti ulio mbele ya nyumba. Nilikwenda kwenye banda la nyuma kuchukua matenga. Kitu cha kwanza nilichoona ni miguu. Miguu minne, imetokeza chini ya turubai. Mmoja ulikuwa umevimba na kupasuka kama nyanya zile tunazotupa. Utanicheka, lakini hata kupiga kelele niliona aibu. Nilirudi nyuma polepole, nikaenda kumgusa Shangazi bega.

Alikuja na panga. Akafunua turubai, wakainuka wanaume wawili, mmoja makamo ya Baba, mwingine labda na miaka thelathini, wameinua mikono juu. Shangazi aliwatazama usoni, akaitazama ile miguu, akaliweka panga juu ya tenga.

"Tusekile, bandika uji."

"Shangazi, tusiwaulize kwanza ni akina nani?"

"Kwa lugha gani? Wewe si ndiye msomi, haya, waulize!"

Nikajaribu Kiingereza changu cha shule, yule mdogo wao akatikisa kichwa. Yule mkubwa akanyoosha mkono kuelekea Mbeya, kupita Mbeya, akasema neno moja, "Sauzi." Shangazi akaguna. "Wahabeshi hawa. Watu wanatoka mbali hivyo, wewe unataka majina. Weka uji."

Uji niliupika mimi, Mama. Ulikuwa wa ulezi, kwenye ile sufuria kubwa yenye mkono mmoja. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Kabla ya kunywa, yule mkubwa alishika uzi mweusi aliovaa shingoni, akafanya ishara ya msalaba. Shangazi akashika kiuno. "Hee! Kumbe wanasali kutuzidi. Wewe jana ulikula ndizi yangu bila hata kufumba macho." Mimi nikacheka, na wao wakacheka bila kujua tunacheka nini. Hicho ndicho kikao cha maadui wa taifa, Mama. Watu wanne na kicheko.

Walipokwisha kunywa, yule mkubwa akachukua kijiti akachora chini, kwenye vumbi la banda. Alichora lori. Ndani ya lori akachora mistari mingi, imelala imebanana. Mbele ya lori akachora kizuizi barabarani. Halafu akachora ile mistari inashuka, inazunguka mashambani kwa miguu. Upande wa pili wa kizuizi hakuchora kitu. Alikitupa kile kijiti, akafungua viganja vyote viwili. Tukaelewa. Dereva aliwashusha wazunguke kizuizi, akawaahidi kuwachukua mbele, na mbele hakukuwa na lori. Wenzao walitawanyika kwenye mahindi.

Shangazi akaukanda ule mguu kwa maji ya moto na chumvi. Akasema, "Mguu huu ni wa hospitali ya Tosamaganga, siyo wa chumvi. Wapumzike siku mbili tatu, akiweza kukanyaga nitajua la kufanya." Nikamkumbusha habari ya daftari. Akasema, "Wape kwanza wali wao. Daftari halina njaa." Hakusema wasiandikwe. Nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi, Mama, na sikuona mahali aliposema wasiandikwe.

Mchana wakati namalizia kazi nilimpa yule mkubwa kalamu na kipande cha boksi, nikajigusa kifua, nikasema "Tusekile", nikamwonyesha yeye. Akaandika jina lake kwa herufi za kwao, herufi kama vijiti vinavyocheza ngoma. Mwenzake naye akaandika. Nilikwenda nacho kile kipande kwa Mwenyekiti. Alikuwa ameinamia redio, hakuniuliza kitu. Nikafungua ukurasa mpya, na kwenye safu ya jina nikayanakili yale maandishi jinsi nilivyoweza, kijiti kwa kijiti, kwa sababu niliona si heshima mgeni kuandikwa "hajulikani" wakati jina lake ninalo. Anakotoka: Uhabeshi. Anakokwenda: Sauzi. Sababu ya safari: njaa, na mguu umevimba. Mwenyeji: nikaliandika jina la Shangazi yangu, Atupele, kamili, pamoja na la baba yake ambaye ni babu yangu.

Nilifikiri namkinga, Mama. Hilo naomba uliamini hata kama mengine hutaamini. Yule ofisa alisema adui ni anayeficha. Nikajiambia, basi nikimwandika hajaficha. Kesho mtu akimchongea, daftari litamtetea. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyefunga mlango vizuri.

Siku ya tatu asubuhi wakaja maofisa. Baadaye nilijua kwamba walipita kwa Mwenyekiti kulikagua daftari, kama wafanyavyo mara moja moja. Shangazi alikuwa barazani anachambua nyanya, nzuri huku, masalo yaliyopondeka kule. Hakukimbia. Aliwaambia karibuni. Waliwatoa wale watu bandani, yule wa mguu akiruka kwa mguu mmoja, wakawafunga pamoja. Halafu ofisa mmoja akaingia jikoni.

"Sufuria hii ya nani?"

"Ya kwangu, baba," Shangazi akajibu.

"Ndiyo uliyowapikia?"

"Si ndiyo hiyo hiyo tunayopikia wote. Ningewapikia kwenye kofia?"

Jirani mmoja akacheka, ofisa hakucheka. Akaichukua. Waliondoka na Shangazi yangu, na wale watu wawili, na sufuria yetu, eti kielelezo. Sufuria ilikuwa bado na ukoko wa uji pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama na nyanya mikononi na sikusema neno. Hata moja, Mama. Shangazi akageuka akaniambia tu, "Funga banda, mvua inakuja."

Kesho yake yule ofisa asiye na sare akaniita kwa Mwenyekiti. Nilidhani nitaulizwa habari za wageni. Alikuwa amefungua ukurasa wangu, kidole kiko juu ya yale majina.

"Haya maandishi ya siri nani amekufundisha?"

"Ni majina yao."

"Unajuaje ni majina, unaweza kuyasoma?"

"Hapana."

"Sasa mtu anaandikaje kitu asichoweza kukisoma? Eh? Mnawasiliana na nani?"

Nilimwonyesha kile kipande cha boksi. Akakigeuza upande wa pili, ambako palikuwa na picha ya sabuni, akakiweka kwenye bahasha kama vile amepata bomu. Halafu akabadilika, akatabasamu. Akasema mimi ni mfano kwa vijana, kwamba watu wazima wamejaa woga na huruma za kijinga, lakini binti mdogo ameandika ukweli. Akanipa karatasi nisaini. Nitaitwa mahakamani kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, niseme mwandiko ni wangu. Mama, nilisifiwa. Nimesubiri miaka kumi na saba mtu mkubwa anisifu mbele ya watu, nimesifiwa kwa hilo.

Alipoondoka, Mwenyekiti akavua miwani. "Mwanangu, mimi sikuona ulichoandika. Ningeona ningekwambia ngoja. Lakini sheria ni sheria. Leo ni mwenye njaa, kesho anakuja mwenye bomu, utasema na yeye alikuwa na njaa? Nyumba bila mlango si nyumba." Halafu akashusha sauti, "Ila mambo ya daftari usiyaseme huko nje. Watu watalichukia." Hakusema watanichukia. Alisema watalichukia daftari.

Nimelifikiria neno lake la mlango usiku na mchana, Mama. Sikatai. Nchi iwe na mlango, na mlango uwe na mtu. Mimi si mtoto wa kusema watu wapite tu kama upepo. Lakini lori lile limetoka mpaka wa kaskazini. Limepita mikoa mingapi, limepita mizani, limepita vizuizi, limejaa watu waliolala kama magunia, na hakuna aliyelifungua. Dereva wake hajakamatwa. Mwenye lori hajulikani hata jina, wala hakuna aliyemwandika kwenye safu. Katika safari yote hiyo ndefu, kitu pekee ambacho serikali imefanikiwa kukikamata ni sufuria ya uji na mama mjane aliyeishika. Hapo ndipo ninapotaka kupiga mtu. Kama huo ndio mlango, basi mlinzi wake amelala getini na ameamka kumkamata mpishi.

Kwenye redio ya Mwenyekiti kulikuwa na kipindi cha kupiga simu kuhusu habari hizi. Mmoja akasema sheria ikazwe, anayewapa hata maji afungwe, maana ndio wanaowatia moyo. Mwingine akasema sisi tulipokea wakimbizi tangu zamani, leo imekuwaje. Wakabishana na kuchekeana kama wanabishania mpira. Nilichukua simu ya Shangazi niliyoachiwa, nikaandika ile namba yote, nikakata kabla haijaita. Hivyo ndivyo nilivyo. Naweza kuandika. Sauti ndiyo sina.

Sasa nikwambie kinachonila zaidi. Ni Mama Bahati.

Huyu ni jirani yetu wa meza ya nyanya pale barabarani. Aliwahi kugombana na Shangazi kuhusu kivuli, nani aweke meza wapi, ugomvi wa maneno tu. Basi Shangazi alipokamatwa, kabla jua halijazama watu walikuwa wameshaamua: ni Mama Bahati aliyepiga simu. Wanajua kwamba mimi huandika daftari. Lakini nani atafikiria kwamba mtoto atamwandika shangazi yake anayelala kitanda kimoja naye? Hakuna hata aliyenitazama mara mbili.

Wamempa jina, Mama Taarifa. Basi likisimama, wanawake wote wanakimbilia madirishani na sado zao za nyanya na vitunguu, na yeye akisogea wanamziba kwa mabega. "Mama Taarifa, wewe si una kazi serikalini, nyanya za nini?" "Mwenzetu hebu piga simu, uwaambie na mimi nimekula vitumbua bila kibali!" Wanacheka sana. Juzi mmoja alimwambia dereva wa lori, "Usinunue kwa huyo, ukishuka kukojoa atakuripoti." Nyanya zake zinaoza mezani. Mtoto wake Bahati haitikiwi salamu kisimani.

Jana Mama Bahati alikuja kusimama mbele yangu. Ni mama mnene, mcheshi, sasa macho yameingia ndani. Akasema, "Tusekile, wewe unaishi na Atupele. Unaamini ni mimi?"

Nikasema, "Hapana, mama."

"Basi waambie wenzako."

Alinisubiri, akaona hakuna kinachotoka, akaniwekea nyanya mbili kwenye tenga langu, akasema, "Ndiyo zilizobaki nzima," akaenda zake. Sijazila, Mama. Ziko dirishani.

Jumanne nilikwenda Iringa kumwona Shangazi. Unashuka Ipogolo pale chini, halafu nilipanda ule mlima kwa miguu na hotpoti ya ugali na maharage, kwa sababu nilitaka kuchoka. Amekonda. Kitenge kinamzunguka mara mbili. Lakini mdomo ni ule ule. "Kamwene, mnyalukolo!" akanisalimia kwa Kihehe cha ukweni kwake, askari wakatabasamu. "Huku ndani wananiita Mama Uji. Kuna aliyeua mumewe na kuna aliyeiba ng'ombe, wakiniuliza kesi yangu nasema uji, wanafikiri nimechanganyikiwa."

Nilimuuliza kesi imefika wapi. "Upelelezi haujakamilika," akasema, akaiga sauti nzito. "Ndiyo wimbo wao. Tumepelekwa mahakamani mara mbili, mara mbili tumerudishwa. Upelelezi haujakamilika. Uji wameuona, sufuria wanayo, mimi ninayo njaa. Sijui wanapeleleza nini, labda sukari." Habari ya dhamana wanamzungusha. Na wale watu wawili hajui walikopelekwa. Nilipomuuliza askari, akaniambia hiyo si kazi yangu. Shangazi anauliza kila siku habari za ule mguu.

Halafu akanishika mkono kupitia nafasi ya nondo. Akaacha utani. "Nilimlisha mwanaye alipougua. Mwambie Mama Bahati siku yangu ya kufa asikanyage msibani kwangu. Mwambie hivyo hivyo."

Pale ndipo nilipaswa kusema, Mama. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Nikaona macho yake, nikaona nikisema atabaki mule ndani hana hata mtu mmoja wa kwake. Nikasema, "Sawa, Shangazi." Nimebeba ujumbe wa uongo kutoka kwa mtu niliyemfunga kwenda kwa mtu niliyemwacha asingiziwe. Njiani kurudi nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni, na kila aliyenitazama nilitamani anisemeshe nimtukane.

Lakini kwenye kulia huko nikafikiri vizuri kwa mara ya kwanza. Wanasema Shangazi alificha watu. Ushahidi wao ni ukurasa wangu. Sasa mtu anayeficha anaandikishaje? Mwizi gani anapeleka jina lake kwa Mwenyekiti kabla ya kuiba? Ule ukurasa uliomfunga unaweza kumfungua, ila lazima mtu ausome mpaka mwisho, kwa sauti, mbele ya hakimu. Na aliyeuandika ni mmoja tu.

Kwa hiyo nimeamua. Siku nitakapoitwa nitakwenda. Wakiniuliza mwandiko ni wa nani, nitasema ni wangu, kama wanavyotaka. Halafu sitakaa. Nitasema tulipewa siku moja ya kuandika wageni, na niliandika siku hiyo hiyo, kutoka nyumba hiyo hiyo. Nitasema hatukuficha mtu. Nitawasomea safu ya sababu ya safari. Na wakileta ile sufuria, nitasema uji niliupika mimi, kwa hiyo kama uji ni kosa, waniandike na mimi. Nitayasema hayo watu wa kitongoji wakiwa nyuma yangu, na Mama Bahati akiwemo, maana nitamwomba aje. Nimeanza kujizoeza. Asubuhi nikienda bandani nasema maneno hayo kwa sauti mbele ya matenga. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya kifaranga. Leo kuku wa jirani walishtuka.

Najua unaogopa. Unawaza, wasije wakamkamata na mtoto. Huenda. Lakini nikinyamaza nitakuwa mtu mzima anayenyamaza, na wa namna hiyo nimewaona wengi kwenye mkutano ule, tukiitika wote tumeelewana.

Nisalimie Baba, mwambie nakula vizuri. Msalimie Bibi na umwambie bado navaa sweta alilonifumia. Mdogo wangu Ambakisye aache kupanda juu ya paa. Msalimie mwinjilisti wetu, aliyenifundisha kusoma kwa kidole, na mama mdogo wa Isyesye akipita gulioni. Mwambie kila mtu naendelea vizuri na nyanya za Ilula ni nyekundu.

Ila hili nililoliandika hapa, Mama, lisitoke kwako mpaka nilisimamie mwenyewe mahakamani. Hasa Baba asijue. Shangazi ni dada yake wa tumbo moja. Akijua, ama atanilaani, ama atanihurumia, na akinihurumia atapanda basi siku hiyo hiyo aje anichukue, na mimi nitakubali kuchukuliwa, kwa sababu natamani sana kuchukuliwa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, barua hii iweke jikoni, moto utajua la kufanya. Akiuliza nimeandika nini, mwambie nimesalimia tu. Nimeandika kila kitu cha kila mtu kwenye daftari la serikali, na umeona kilichotokea. Hiki kimoja nimekuandikia wewe. Usiniandikishe kwa mtu, Mama. Nifiche.

Ndimi mwanao,
Tusekile